Msimu wa 1951 wa San Francisco Dons: walishinda mechi zote tisa, mbona hawakualikwa popote?

Mwandishi_Pembeni

Habari wakuu. Naandaa makala ya Kiswahili kuhusu timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha San Francisco (USF), msimu wa 1951. Walicheza mechi tisa wakashinda zote tisa, hakuna sare, halafu chuo kikaivunja timu msimu ulipokwisha. Maelezo mengi yanasema walinyimwa mwaliko wa mechi za Mwaka Mpya kwa sababu walikuwa na wachezaji wawili weusi, Ollie Matson na Burl Toler. Sitaki kunakili tu. Nisaidieni haya:

Kwanza, matokeo kama 20–2 yanapatikanaje? Msomaji wangu ni mtu wa soka, nataka nimweleze kwa aya mbili tu bila kumchosha.

Pili, timu isiyofungwa ilihitaji mwaliko wa nini? Hakukuwa na kufuzu?

Tatu, ubaguzi peke yake unatosha kuwa sababu, au kuna jingine lililofichwa nyuma yake?

Nne, kwa nini chuo kilifuta timu nzuri namna ile?

Yadi100

Nachukua la kwanza.

Mwaka 1951 pointi zilipatikana hivi. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la mpinzani, yaani tachidauni, pointi 6. Ukishafunga tachidauni unapewa nafasi moja ya nyongeza: mpira unapigwa teke upite kati ya milingoti, pointi 1. Timu ikiona haiwezi kufika mbali, inaweza kupiga teke la kupitisha mpira kati ya milingoti wakati mchezo unaendelea, pointi 3. Na mwenye mpira akiangushwa ndani ya eneo lake mwenyewe la mwisho, au timu yake ikiupoteza mpira ukatokea nje kupitia eneo hilo, wapinzani wanapata pointi 2. Ile nyongeza ya pointi 2 baada ya tachidauni unayoiona leo kwenye runinga haikuwapo. Vyuo viliianza mwaka 1958. Watu wengi huikosea hapo wanapojaribu kurudi nyuma na kukisia magoli ya zamani.

Sasa rudi kwenye 20–2 dhidi ya Loyola. Ile 2 ya Loyola ina chanzo kimoja tu: USF walinaswa ndani ya eneo lao wenyewe la mwisho, kwa mojawapo ya njia hizo. Maana yake Loyola hawakupata tachidauni hata moja. Mechi ya kwanza ya msimu dhidi ya San Jose State iliisha 39–2, habari ni ile ile. Ile 20 ya USF, kinyume chake, usiifumbue kwa kukisia. Inaweza kuwa tachidauni tatu na nyongeza mbili, inaweza pia kuwa tachidauni mbili, nyongeza mbili na mateke mawili ya pointi 3. Jumla peke yake haikwambii, kwa hiyo kama huna maelezo ya mechi yenyewe andika 20–2 uishie hapo.

Uwanja: urefu wa yadi 100 kati ya mistari ya magoli, sawa na mita 91.44, na kila upande kuna eneo la mwisho la yadi 10. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifanikiwa inapewa manne mengine. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa mpinzani. Kwa mtu wa soka hiyo inatosha. Kwotabeki mtaje kwa sentensi moja, kwamba ndiye anayepokea mpira mwanzo wa kila jaribio na kuamua aukabidhi kwa mkimbiaji au aurushe. Usiingie kwenye majina ya nafasi zote kumi na moja, utampoteza.

Kitu kimoja ambacho ningekitolea nafasi ni sheria ya kubadilisha wachezaji. Mwaka 1951 kubadilisha kulikuwa huru, ndiyo maana vyuo vikubwa vilikuwa na vikosi viwili kamili, kimoja cha kushambulia na kimoja cha kulinda. Uhuru huo uliondolewa mwaka 1953. Kwa hiyo Matson alipocheza pande zote mbili, hakuna sheria iliyomlazimisha. Alikuwa mkimbiaji aliyeongoza taifa zima kwa yadi 1,566, tachidauni 21 na pointi 126, na bado alirudi kulinda. Hiyo 1,566 ni kama mita 1,432 kwa mechi tisa, wastani wa yadi 174 kila mechi. Ajabu ni kwamba heshima ya kitaifa ya All-America alipewa kama mlinzi! Katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akawa wa tisa. Aliyeshinda ni Dick Kazmaier wa Princeton.

Kabati_la_Takwimu

Matokeo yote haya hapa uyanakili kwa usahihi: San Jose State 39–2, Idaho 28–7, Camp Pendleton 26–0, San Jose State mara ya pili 42–7, Fordham 32–26, kituo cha wanamaji cha San Diego 26–7, Santa Clara 26–7, College of the Pacific 47–14, Loyola ya Los Angeles 20–2. Jumlisha upate 286 kwa 72, yaani karibu 32 kwa 8 kila mechi. Mechi moja tu ndiyo ilikuwa ya jasho, ile ya Fordham kule New York tarehe 20 Oktoba. Matson aliurudisha mpira wa kuanzia mara mbili mpaka kwenye tachidauni, kila safari mbio za yadi 90 hivi. Bila mbio hizo mbili hesabu ya 32–26 ingegeuka.

Swali lako la pili ndilo wageni wa mchezo huu hulikosea zaidi. Hakukuwa na mtoano wala kufuzu. Msimu ukiisha, kamati ya kila mechi ya Mwaka Mpya, watu binafsi wa mji husika wakiwamo wafanyabiashara, iliketi na kuchagua timu mbili itakazoziita. Walitazama ubora, kweli, lakini walitazama pia mashabiki wangapi watapanda treni na kulala hotelini. Mwaliko uliambatana na fedha za kiingilio kwa chuo.

Sasa pitia milango yenyewe, yaani mechi hizo za Mwaka Mpya, ambazo huitwa “bowl”. Rose Bowl, iliyo California karibu na nyumbani, ilikuwa imefungwa kwa mkataba: tangu mechi ya Januari 1947 ilikuwa ya Big Ten, shirikisho la vyuo vya Magharibi ya Kati, dhidi ya shirikisho la vyuo vya Pwani ya Pasifiki. USF hawakuwa na shirikisho, kwa hiyo hata wangeshinda kwa pointi mia wasingeingia. Msimu huo Illinois iliifunga Stanford 40–7. Kichekesho ni kwamba mechi ya mwisho ya USF, ile ya Loyola, ilichezwa katika uwanja huo huo wa Rose Bowl pale Pasadena. Cotton Bowl ya Dallas, upande mmoja ulikuwa wa bingwa wa shirikisho la Southwest. Yaliyobaki yenye fedha ni Orange Bowl ya Miami, Sugar Bowl ya New Orleans na Gator Bowl ya Jacksonville. Yote matatu Kusini, kwenye sheria na desturi za kutenganisha watu kwa rangi.

Orange walicheza Georgia Tech na Baylor, 17–14. Sugar walicheza Maryland na Tennessee, 28–13. Gator walicheza Miami na Clemson, 14–0.

Kuhusu swali la tatu nitakuwa mgumu kidogo. Ukiandika “ubaguzi” ukanyamaza, msomaji mwenye kujua atakurudi na ratiba. San Jose State mara mbili. Timu mbili za kambi za jeshi. Hakuna hata chuo kimoja kutoka shirikisho kubwa la Mashariki, Kusini au Magharibi ya Kati. Waandishi wanaopiga kura ya ubora ya shirika la habari la AP waliwaweka nafasi ya 14, wakati hawajafungwa. Hiyo haikuwa kamati ya Kusini, ni kura ya waandishi wa nchi nzima.

Mbongo_Oakland

@Kabati_la_Takwimu ratiba nakubali ilikuwa nyepesi, lakini haibebi mzigo unaoutwika. Tazama College of the Pacific. USF iliwafunga 47–14, huko huko kwao Stockton. Pacific ndio walioalikwa, Sun Bowl ya El Paso, wakafungwa na Texas Tech 25–14. Timu iliyopigwa kwa tofauti ya pointi 33 imepata mwaliko na iliyoipiga imebaki nyumbani. Ukisema ratiba ndiyo sababu, eleza hilo kwanza.

Usichukulie pia nafasi ya 14 kama kipimo cha uwezo tu. Kura ya AP ilipigwa na waandishi ambao wengi hawakuwahi kuiona USF ikicheza. Ndiyo maana safari ya Fordham ilikuwa na uzito: ilikuwa nafasi ya kuonekana na magazeti ya New York. Aliyekuwa akiwasukuma waandishi hao ni ofisa habari wa michezo wa chuo, kijana aitwaye Pete Rozelle. Huyo huyo mwaka 1960 akawa kamishna wa NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huu, akakaa mpaka 1989.

Kwenye makala yako itenganishe desturi na sheria iliyoandikwa. Vyuo vya Kusini vilikuwa na mapatano ya kimya kwamba havichezi na timu yenye mweusi uwanjani, na timu ya Kaskazini ikija Kusini iliombwa, kwa adabu kabisa, imwache mchezaji wake nyumbani. Desturi hiyo ilikuwa na nyufa tayari. Cotton Bowl ya Januari 1948, Penn State walikuja Dallas na Wally Triplett na Dennis Hoggard, wakatoka sare 13–13 na SMU, chuo cha Dallas. Lakini mwisho wa mwaka huo huo Lafayette walialikwa Sun Bowl, wakaambiwa David Showell hatacheza, wakakataa kwenda. New Orleans ilichelewa zaidi: Bobby Grier wa Pittsburgh ndiye mweusi wa kwanza kucheza Sugar Bowl, Januari 1956, na gavana wa Georgia alijaribu kuizuia Georgia Tech isiingie uwanjani naye. Sasa pima: kama mwaka 1956 lilikuwa sakata la gavana, mwaka 1951 kamati ingemwalika Matson kwa ujasiri gani?

Jambo la pembeni ambalo lingeipa makala hewa ya wakati ule. Siku ile ile ya mechi ya Fordham, 20 Oktoba 1951, kule Stillwater Oklahoma, Johnny Bright wa Drake, mweusi aliyekuwa miongoni mwa wanaopewa nafasi kubwa ya Heisman, alipigwa usoni na mlinzi wa Oklahoma A&M akiwa mbali na mpira, taya likavunjika. Wapigapicha wa gazeti la Des Moines Register walipata mfululizo wote na mwaka 1952 wakapewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari. Siku moja, viwanja viwili. Usiyaunganishe kama chanzo na matokeo, hayahusiani moja kwa moja, ila yote mawili ni ya dunia moja.

Kuhusu kisa kwamba timu iliambiwa iende bila Matson na Toler ikakataa: kinatokana na masimulizi ya wachezaji wenyewe miaka mingi baadaye, Gino Marchetti akiwa mmoja wao. Kiandike hivyo, kama ushuhuda wa wachezaji. Usibuni barua ya mwaliko wala jina la kamati iliyotoa sharti, hapo ndipo makala nyingi zinaposhikwa.

Kabati_la_Takwimu

Hoja ya Pacific naipokea, ni nzito. Bado ningeandika hivi: ratiba iliwapa kamati kisingizio, rangi ndiyo iliyofunga mlango. Vyote viwili vitajwe, kwa uzito huo usio sawa.

Kipyenga_cha_Mwisho

La nne bado halijaguswa. Jibu fupi ni fedha, ila fedha zenyewe zina mashina yake.

USF ni chuo cha Wajesuiti, kidogo, hakikuwa na uwanja wake mkubwa. Walicheza Kezar Stadium, ndani ya bustani ya Golden Gate, uwanja ule ule wa 49ers, timu ya kulipwa ya jiji hilo. Shabiki wa San Francisco mwenye dola zake chache alikuwa na 49ers jijini, Chuo Kikuu cha California kiko Berkeley ng'ambo ya ghuba, Stanford iko kusini kidogo. USF walikuwa wa nne kwenye foleni ya mlangoni.

Ongeza gharama. Ule uhuru wa kubadilisha wachezaji aliouelezea Yadi100 uliumiza vyuo vidogo: ukitaka kushindana unahitaji vikosi viwili, yaani ufadhili wa masomo mara mbili, vifaa mara mbili, nauli mara mbili. Vita vya Korea vilikuwa vinachukua vijana. Runinga nayo imeingia, na mwaka 1951 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilianza kubana mechi za kuonyeshwa ili viwanja visibaki vitupu, kwa hiyo chuo kidogo hakikuweza kutegemea fedha za hewani. Kilichobaki cha kuziba pengo ni kiingilio cha mechi ya Mwaka Mpya. Mwaliko ulipokosekana, na pengo likabaki.

Ukitaka uthibitisho kwamba hili halikuwa la USF peke yake, waangalie wapinzani wao wa msimu huo. Loyola walifuta timu baada ya msimu huo huo wa 1951. Santa Clara baada ya 1952. Fordham baada ya 1954. Wote vyuo vya Wajesuiti. Saint Mary's, chuo kingine cha Kikatoliki cha eneo la ghuba, walikuwa wameshafunga baada ya 1950. Kwa hiyo usiandike kwamba USF walivunja timu kwa hasira ya kunyimwa mwaliko, wala kwamba mwaliko mmoja ungeiokoa milele. Ungewanunulia muda, basi. USF walirudisha futiboli mwaka 1959 kwa ngazi ya chini, wakaifuta tena baada ya 1971. Na chuo hakikufa kimichezo: mwaka 1955 na 1956 kilikuwa bingwa wa taifa wa mpira wa kikapu, na Bill Russell.

Mwandishi_Pembeni

Shukrani sana, nimepata kuliko nilichoomba. Mawili yamebaki. Nimeona sehemu imeandikwa timu hii ilitoa watu watatu wa Hall of Fame (ukumbi wa heshima wa magwiji) ya futiboli ya kulipwa, kwingine wanne, kwingine watano. Ipi sahihi? Na Toler nimweleze vipi, maana hayumo kwenye orodha hiyo.

Yadi100

Watatu ni wachezaji waliokuwa uwanjani mwaka 1951: Ollie Matson na Gino Marchetti, wote waliingizwa 1972, na Bob St. Clair, 1990. Wa nne ni Rozelle, 1985, huyo ni wa ofisini. Wa tano wanayemwongeza ni Dick Stanfel, na hapo ndipo kosa lilipo. Stanfel alisoma USF kweli, ila Detroit Lions wa NFL walimchagua mwaka 1951, katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya kutoka vyuoni, kabla ya msimu wenyewe, kwa hiyo hayumo katika timu ya tisa kwa tisa. Andika “wachezaji watatu na ofisa habari wao”, utakuwa salama.

Angalia pia njia walizopita. Kocha Joe Kuharich alihamia Chicago Cardinals mwaka 1952, na Cardinals hao hao wakamchagua Matson wa tatu katika uteuzi wote wa NFL. St. Clair hakwenda NFL mwaka huo. Alikuwa bado na msimu mmoja wa chuo, na kwa kuwa timu imefutwa akaenda kuumalizia Tulsa, ndipo 49ers wakamchukua mwaka 1953. Ukimweka kwenye uteuzi wa 1952 utakuwa umekosea, na wengi hukosea. Mwaka 1959 Cardinals walimpeleka Matson kwa Los Angeles Rams wakapata tisa kwa mmoja, ukihesabu wachezaji pamoja na haki ya uteuzi.

Mbongo_Oakland

Matson usimwache bila Olimpiki ya Helsinki. Kiangazi cha 1952, kabla ya msimu wake wa kwanza wa NFL, alipata shaba ya mita 400 nyuma ya Wajamaika wawili, George Rhoden na Herb McKenley, kisha fedha ya kupokezana vijiti mara 4 mita 400. Jamaika walimaliza kwa 3:03.9, Marekani 3:04.0.

Toler mweleze kwa goti. Cleveland Browns walimchagua mwaka 1952, lakini aliumia goti katika mechi ya nyota wa vyuo kiangazi hicho na hakuwahi kucheza NFL. Akawa mwalimu, baadaye mwalimu mkuu San Francisco. Mwaka 1965 akawa mwamuzi wa kwanza mweusi wa NFL, na Januari 1980 alikuwa miongoni mwa waamuzi wa Super Bowl XIV, fainali ya NFL, tena ndani ya Rose Bowl. Wenzake walisema alikuwa mchezaji bora kuliko wote katika timu ile, Matson akiwamo. Hiyo nayo iandike kama kauli ya wenzake.

Kabati_la_Takwimu

Nyongeza ya tarehe, kwa sababu inavuruga makala nyingi: “msimu wa 1951” na “Sugar Bowl ya 1952” ni msimu mmoja. Mechi za Mwaka Mpya hubeba mwaka wa Januari. Halafu kura ya mwisho ya AP ilifungwa kabla ya mechi hizo, ndiyo maana Tennessee wanabaki kuandikwa bingwa wa taifa wa 1951 ingawa Maryland waliwafunga 28–13 siku ya Mwaka Mpya. Kwa hiyo hata USF wangealikwa Miami wakashinda, ile nafasi ya 14 isingesogea hata moja.